Kunyamaza siku tatu

Kindu, Jumanne

Basi wamenikubali. Kwenye mukusanyiko mukubwa wa michezo ya meza, dame ya kete na ubao, ludo na karata, mimi nitapanga kete na kugawa maji. Sharti njo moja: musaidizi haongei karibu na wachezaji.

"Mama, utaweza kweli?" Zaina akaniuliza. Binti yangu njo bingwa wa dame hapa mutaani kwetu Mikelenge, na yeye pia atacheza. Kila jirani anajua, maana nimemuambia.

"Siku tatu tu," nikamujibu.

Akacheka. "Hata saa tatu, mama!"

Amesahau. Wakati wa vita, tukijificha shambani Kibombo, njo mimi nilimufundisha dame kwa vijiwe, kimya kabisa, tusisikike. Akishinda, nilimufinya mukono.

Naogopa kidogo. Akishinda pale, mukono wake utakuwa mbali.