Sauti ya Kibandani Wattaya

Mjukuu wangu Nasra,

Usicheke. Ni bibi yako kweli, mdogo wa mwisho wa bibi yako, ingawa skuli nimeiacha huko Unguja juzi tu. Hapa Wattaya, Maskati, sote wazima, na mama anakusalimu. Umeuliza kama kweli mimi, ninayeona haya hata kuomba chumvi, nimezungumza na maiti.

Wanawake wa mtaani huwa tunakwenda hospitali pamoja, tukipita nyuma ya kibanda cha Bi Zuwena, aliyekuwa akiumwa peke yake. Watu walisema keshakufa, wachawi wameshamchukua, na kilicholala mle ni umbo lake tu. Hakuna aliyeingia. Adhuhuri moja, upepo umekufa, sauti ikatoka kibandani: "Rayya." Jina langu.

"Usiitike!" mama akaninong'oneza.

Lakini nimelelewa kumwitikia mkubwa, na mdomo ulinitangulia: "Labeka."

"Haya, nenda na jini wako," alisema jirani yetu Bi Salma, akirudi nyuma.

"Nna kiu," ikasema sauti.

Niliingia. Mkono ulionishika ulikuwa unawaka homa. Mama akaingia nyuma yangu, kisha wote, tukambeba na kitanda chake mpaka hospitali. Amepona.

Nilimuuliza alilijuaje jina langu. Akasema, "Kila mkipita kwenda kwa daktari nakusikieni mkiitana. Na mimi nikikuiteni, ila upepo ukiichukua sauti."

Siku hizi tunaita kwenye kila kibanda. Kikikaa kimya, tunaingia.

Bibi yako mdogo,
Rayya