Kiondo Kilichotaka Kuwa Kofia

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Matinyani tu wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza kama ufumue kiondo chako chote kwa sababu kimepinda.

Nikiwa msichana wa shule, nilisokota katani pajani, nikaitia rangi ya magome, nikaanza kusuka kiondo cha vitabu vyangu huku nikisoma. Nikasahau kuongeza nyuzi. Badala ya kutanuka, kikainuka chembamba, hata daftari halikuingia.

Susu, nyanya yangu, alikivaa kichwani. "Wewe wa vitabu, umesuka kofia!"

Nikaanza kufumua chote huku nikilia. Akanishika mkono. "Mwanzo ni mzuri. Rudi mpaka pale ulipokosea tu."

Nikafumua hadi hapo, nikaongeza nyuzi, na Jumatatu nilibeba vitabu katika kiondo kile kile.

Ni mimi susu yako, ambaye bado husoma akisuka.