Mbwa Uliyetuletea

Ndugu yangu Munyao,

Salamu katika jina la Bwana. Kifua chako kinaendeleaje huko Mtito Andei? Hapa Mutomo kunde zimeota, tunashukuru.

Yule mbwa wa kizungu uliyetuletea nyonga zimemwisha. Daktari wa mifugo anasema wazazi wake ni ndugu, walizalishwa pamoja ili damu isichanganyike. Jumanne asubuhi fisi aliingia zizini. Mbwa alibweka akiwa amelala, hakuweza kuinuka, basi mume wangu Nyamai akatoka mwenyewe. Fisi akamtafuna mkono, na hospitalini wameukata.

Sikulaumu. Ni mimi niliyempa jirani mbwa wetu wa zamani, yule chotara wa damu mchanganyiko, kwa kuona aibu kuwa naye. Nitafutie chotara mwingine, na kwanza umwone mama yake akikimbia. Nijibu upesi, maana Nyamai akirudi ataniuliza zizi linalindwa na nani.

Dada yako,
Nzisa