Video Haikuonyesha Leso

Jumapili, 9 Machi 2025

Phelista, wewe ni mwongo. Nimekuambia kwa mdomo ukanuna, sasa nakuandika. Uongo wa kanisani pia ni uongo!

Leo walimtoa mume wangu, Mzee Makokha, kitandani hapa Saboti wakampeleka Kitale, kwa lile kanisa la hema la binti yetu Phelista. Mimi nilikataa. Mimi ni wa kanisa la Marafiki, wale wa Quaker, sisi tunanyamaza kwanza ndio tunasema. Lakini Mzee akasema twende tu, asimvunje msichana wake moyo. Basi nikaenda. Nikakaa nyuma kabisa.

Pastor Dancan akamwita mbele. Vijana wawili wakamshika makwapa wakamsimamisha. Phelista akapewa maiki. Ati baba yangu alikuwa na kansa ya koo, hospitali ikamrudisha nyumbani, sasa ameponywa kabisa kabisa! Ati jana amemaliza ugali mbili na kuku!

Jana? Jana alikunywa uji kwa kijiko na nusu yake ikarudi.

Watu wakaruka. Halafu wakaleta sahani. Ugali kidogo, kipande cha kuku. Mzee akatia mdomoni, akatafuna. Ivy, mtoto wa Phelista, ameshika simu anachukua video. Vigelegele, watu wanalia, viti vinaanguka. Video ikaishia hapo.

Ile ingine niliona mimi. Walipomrudisha nyuma kwangu, alitoa leso mfukoni akatema yote. Ugali ilikuwa bado ugali. Akakunja leso vizuri, akanipatia bila kuniangalia.

Nimeifua. Iko kwa kamba inakauka.

Zamani jioni nilikuwa namsomea Mzee makosa ya watu wote wa siku hiyo, naye anacheka. Sasa anachoka haraka. Ndio sababu naandika.

Jumatatu, 10 Machi

Video imefika kwa group ya familia. Watu wa Myanga, watu wa Tongaren, wote ati Amina, Amina. Phelista ananisomea anacheka. Nikamuuliza, na Wekoye? — Yeye pia amesema Amina, Mama. Ameandika hivi: mwambieni Mzee nimefurahi, wacha nimalize kupanda, nitakuja Pasaka.

Pasaka! Na alikuwa amesema Alhamisi hii!

Wekoye ni kifungua mimba wangu. Ako Myanga kule Bungoma, kwa shamba ya babu yake. Hajakanyaga hapa tangu ile siku aliuza ng'ombe dume ya babake bila kuuliza. Babake alisimama hapo nje, majirani wakisikia, akasema: Wewe si mtoto wangu. Siku nikizikwa usishike mchanga.

Kwa sababu ya ng'ombe! Kosa lilikuwa dogo, yeye akatafuta neno kubwa kuliko yote akalitupa. Wekoye akaliokota, akaenda nalo.

Sasa Mzee anataka kulirudisha. Si kwa simu. Kwa mdomo wake, mkono ukiwa juu ya kichwa cha kijana. Hiyo ndiyo inafanya apigane na uji kila asubuhi. Na sauti yenyewe inaisha, imekuwa kama mtu anaburuta gunia sakafuni.

Nikampigia Wekoye mimi mwenyewe. Nikasema, babako hajapona. Hata maji inamshinda. Kuja.

Akasema: Mama, nimemwona na macho yangu akitafuna kuku. Si ni wewe tu hupendi hiyo kanisa ya Phelista?

Nikamuuliza, ulimwona akitafuna, ulimwona akimeza?

Ati mvua iko karibu. Ati amepata nafasi kwa laini ya trekta, akiacha leo hatapata tena. Simu ikakatika. Ama aliikata.

Mimi! Kuambiwa hivyo na mtoto nimezaa!

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Phelista ampigie ndugu yake aseme ukweli. Akaziba masikio. — Mama, usikiri ugonjwa! Ukiutaja unaupatia nguvu. Sisi tunasema amepona, mwili utafuata.

Nikamwambia mwili haujafuata mahali. Mwili uko hapa unatapika kwa beseni, na beseni naosha mimi.

Akaanza kulia. Si ile kulia ya kanisa. Alikaa chini kwa saruji, kama vile alikuwa anakaa akiwa mdogo tukichelewa kutoka shamba. Hapo nikaona kitu sikuwa nimeona. Nilikuwa nafikiri ni kiburi. Kumbe ni woga. Anafikiri siku atasema baba anakufa, ndiyo siku atakuwa amemuua.

Sikumwambia pole.

Mchana Nyaruai jirani akaleta maziwa. Alianza kupiga kelele kutoka kwa ua: Mama Wekoye! Nasikia Mzee anamaliza ugali, mtatupatia nini! Nikamwambia ingia umsalimie. Akaingia. Akatoka. Furaha yote ameiacha huko ndani. Aliniuliza tu, hii maziwa nichuje?

Nikasema chuja.

Akachuja na kitambaa, pole pole, mpaka utando wote ukatoka. Hakuniambia Mungu ni mkubwa. Nilitamani asiende.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Mzee ameniuliza.

Phelista alikuwa ameenda kuuza mitumba yake. Mzee akashika mkono wa gauni yangu. Ilibidi niweke sikio karibu na mdomo wake. Akasema: Mama Wekoye, watu wote wananiambia nimepona. Wewe hujawahi kunipatia neno tamu ya bure. Niambie.

Mimi ndiye nilimwambia siku ya harusi yetu ya kwamba viatu vyake vinanuka. Mimi ndiye nilimwambia mzee wa kanisa mbele ya watu ya kwamba amehubiri mpaka Roho Mtakatifu amesinzia.

Nikasema: Unaendelea vizuri.

Akaniangalia. Akaachilia gauni. Akageukia ukuta.

Chakula imenishinda.

Jumamosi, 15 Machi

Pastor Dancan amekuja. Ati kuna mkutano mkubwa Bungoma, wanataka Mzee asimame atoe ushuhuda.

Nikamwambia keti. Nikampatia chai, mimi si mshenzi. Halafu nikamuuliza: Pastor, Lazaro alipokufa, Yesu aliwaambia wanafunzi nini? Akasema, aliwaambia amelala. Nikasema, endelea. Akakuna shingo. Nikamalizia mwenyewe: walipokosa kuelewa aliwaambia wazi, amekufa. Akasema hivyo kabla ya kufika kaburini. Hakuogopa ukweli utaharibu muujiza. Wewe uliogopa nini?

— Mama, tusizuie mkono wa Mungu.

Nikamwambia, kile umezuia ni miguu ya kijana wangu! Anafikiri babake anakula kuku, amekaa Myanga anangoja trekta. Na babake ana neno la kumwambia, na sauti imebaki kidogo.

Nikaleta ile leso. Nikaiweka kwa meza karibu na kikombe chake. Nikamwambia hii ndiyo ushuhuda, video haikuionyesha. Beba upeleke Bungoma.

Hakuibeba. Chai pia hakumaliza. Akauliza, kijana gani, Mama? Hakuna mtu aliniambia kuhusu kijana. Nikamweleza. Ni mtoto tu, huyo pastor, ndevu hazijajaa vizuri. Akaingia kwa Mzee akapiga magoti. Nilisimama mlangoni nikingoja aseme amepona, nimtoe. Hakusema. Alisema, Bwana, mhurumie huyu mzee, na mimi pia. Basi.

Hiyo niliitikia Amina.

Pastor alipoenda nikakaa kwa kiti cha Mzee, kando ya kitanda. Nikanyamaza vile tunanyamaza kwetu, mpaka moyo ukatulia. Halafu nikasema: Baba Wekoye, jana nilikudanganya. Huponi. Unakufa.

Akafunga macho. Nikasema ndani yangu, sasa nimemmaliza.

Akafungua. Akasema: Asante. Nilifikiri hata wewe umeniacha nao.

Nililia. Naandika kwa sababu ni ukweli, lakini hakuna mtu aliona isipokuwa yeye.

Akauliza, Wekoye anajua? Nikasema hajui, anafikiri unamaliza ugali mbili. Akacheka! Kicheko ikageuka kikohozi, kikohozi ikaleta damu. Kidogo. Naandika kidogo kwa sababu ilikuwa kidogo.

Alipopumzika akasema, nikishindwa, sema wewe. Mwambie: Ni mtoto wangu. Ashike mchanga.

Nikamwambia utasema mwenyewe. Akanikunjia uso. Nikajirekebisha, nikasema sawa. Nitasema. Maneno hayo, na si zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Phelista hakuenda kanisa. Asubuhi ndiye alishika beseni, na leo damu haikuwa kidogo. Alisimama akiiangalia. Nikamwambia, wewe ndiye ulisema amepona. Ni wewe utasema hajapona.

— Nitasema aje, Mama?

— Vile iko.

— Na akikufa?

— Alikuwa anakufa hata ukisema ameponywa. Tofauti ni moja tu, alikuwa anakufa peke yake.

Nilisema kwa ukali. Sina njia ingine ya kusema. Lakini nilimshika bega, na hiyo si desturi yangu.

Akapiga. Akasema: Wekoye, ni mimi. Ile kuku Baba aliitema. Hajameza chakula tangu mwezi jana. Nilisema uongo nikiita imani. Kuja leo.

Kule kwa simu niliweza kusikia trekta ikinguruma shambani kwake. Halafu akauliza: Kwa hivyo Mama alikuwa anasema ukweli?

— Mama alikuwa anasema ukweli.

Trekta ikazimwa.

Amepiga tena akiwa njiani, Kamukuywa. Baba anaendelea aje? Phelista akafungua mdomo — niliona anataka kusema anakungoja kwa furaha — akaniona. Akasema: Sauti imeisha, Wekoye. Tangu saa nne hajasema neno. Lakini macho iko wazi.

Sauti imeisha. Nimeandika. Nilitaka kuandika ya kwamba labda itarudi.

Nyaruai amekuja akakaa jikoni, anachemsha maji ambayo hakuna mtu ameomba. Ivy amefuta ile video kwa simu yake. Hakuambiwa na mtu. Haisaidii, iko kwa simu ya kila mtu mpaka Tongaren, lakini nimemwona.

Niko hapa kando ya kitanda. Mkono wa kulia wa Mzee nimeutoa nje ya blanketi nikauweka juu, wazi, mahali kichwa cha kijana kinaweza kufika akipiga magoti. Nimemwambia Mzee, ako njiani. Hiyo si tamu ya bure, ni kweli. Kidole kikasogea. Ama niliona vile nataka. Sijui. Naandika sijui.

Anapumua. Anakaa bila kupumua. Anapumua.

Anakaa.

Simu inalia. Ni Wekoye, amefika Kiminini, amekaribia. Phelista ameishika mbele ya kifua, ananiangalia, hajui aseme nini. Anaangalia kifua cha babake, ananiangalia mimi.

Pokea, Phelista. Sema vile iko, usiongeze, usipunguze. Halafu nipatie hiyo simu, niko na maneno ya babake.