Togoo na Mafuta ya Mkia

6 Septemba

Nara mwanangu,

U mzima? Basi lako la umeme haligomi katikati ya barabara? Mimi sijambo, ni mgongo tu. Kondoo wamenona, mbuzi wamenona, yule ng'ombe mwekundu bado ana visa vyake. Nimepanda farasi mpaka huku kilimani kwenye mtandao kwa sababu nina habari, na habari yenyewe ina miguu minne.

Nimepata mbwa. Mbwa jike wa Gombosuren, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alizaa. Nikaenda na skafu ya buluu ya heshima na peremende kwa mwenye nyumba, na bakuli la maziwa kwa jike mwenyewe, maana mtoto ni wake yeye. Nikachagua mweusi kuliko wote. Nimemnong'oneza jina sikioni: Togoo, sufuria, kwa sababu ana rangi ya sufuria iliyokaa motoni miaka kumi.

Sasa usijifanye umesahau tulivyokubaliana. Tangu mbwa wetu mzee afe, na mbwa mwitu wakanichinjia kondoo baridi iliyopita, hunipi nafasi ya kupumua: uza mifugo, mama, njoo tukae wote mjini. Nije kukaa ghorofa ya nne nitazame magari dirishani. Ulisema siku ya kuhamia kambi ya baridi ukinikuta na mbwa mzima anayebweka, utanyamaza. Basi ndiye huyu. Ana kikohozi kidogo, lakini Choijil, daktari wetu wa mifugo, ameshampa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni mpaka viishe.

Mama yako

7 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo ufunge kwa kitambaa cha sufu, usifanye ukaidi. Mimi mzima. Jana zile nguzo za juu ya basi zinazochukua umeme zilichomoka kwenye nyaya mara mbili, nikapanda juu kuzirudisha huku abiria wananipa ushauri.

Nimeyakumbuka makubaliano yote, na siku ya kuhama nakuja mwenyewe kukagua. Lakini mama, mbwa wa kikohozi atawafukuza mbwa mwitu kwa kupiga chafya? Mfikishie salamu zangu huyo Sufuria.

Bintiyo Nara

11 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Huku shwari. Nyasi zimeanza kuwa za njano na usiku maji yanashika barafu ukingoni mwa mto. Togoo mzima kabisa, kikohozi kinapungua.

Kuna mama mmoja namfahamu, ana mtoto wa mbwa anayemeza dawa, na tumbo limemwachia. Anaharisha maji matupu. Huyo mama ana wasiwasi, ananiuliza kama huko mjini watu wanajua la kufanya. Mimi binafsi sihusiki.

Mama yako

12 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Huyo mama mwingine, mnakaa hema moja? Na mgongo wake vipi, unamuuma kama wako?

Karibu na kituo changu cha mwisho kuna daktari wa wanyama. Nimeingia nikiwa bado na sare ya kazi. Anasema dawa ya aina hiyo inaweza kulegeza tumbo kidogo, na mara nyingi si jambo la kutisha. Apewe kidonge pamoja na chakula, asipewe tumbo likiwa tupu. Chakula chenyewe kiwe wali laini na nyama isiyo na mafuta, ichemshwe bila chumvi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Maji yasikosekane. Akitapika, akitoa damu, akikataa maji au akilegea, siku hiyohiyo apelekwe kwa Choijil. Na dawa isikatishwe kabla Choijil hajasema. Mwambie huyo mama hilo la mwisho mara mbili, maana namjua.

Daktari ameuliza pia: kidonge anapewa na nini?

Bintiyo Nara

14 Septemba

Mwanangu,

Haya, ni mimi. Ulijua, basi usijisifu.

Wali nimempikia, ameula, na bado anaharisha. Hema zima linanuka, nimenyanyua kitambaa cha pembeni upepo upite, sasa nanuka mimi na baridi nimepata. Nimemkatia dawa tangu asubuhi. Kabla ya vidonge tumbo lake lilikuwa zuri, baada ya vidonge limeharibika, hapo panahitaji kusomea nini? Kidonge nilikuwa nampa na kitu kidogo tu cha kumlainishia koo, kama mtu yeyote anavyofanya.

Mama yako

14 Septemba, mchana

Mama, usishuke kilimani kwanza. Kitu gani?

Nara

14 Septemba

Mafuta ya mkia wa kondoo. Kipande kama dole gumba. Labda viwili, maana akimaliza kimoja ananitazama. Mtoto gani nchi hii hakulelewa kwa mafuta ya mkia? Wewe nilikupa hata jino hujaota, ukanenepa mpaka watu wanauliza kama ni mmoja au mapacha. Mbona hukuharisha?

Mama

14 Septemba

Mama yangu,

Nimemsomea daktari ujumbe wako na amelazimika kukaa chini. Mama, mimi ulinifungia kipande kwenye kijiti nikakinyonya. Kipande kilekile, wiki nzima. Togoo anameza dole gumba zima asubuhi, zima jioni, na jingine kwa sababu ana macho mazuri. Hata mcheza mieleka angeharisha.

Acha mafuta kabisa. Na mpeleke kwa Choijil leo, umwambie ulikata dawa, akuelekeze jinsi ya kuirudisha. Kidonge kifiche kwenye nyama iliyochemshwa. Tafadhali mama. Nijibu ukirudi.

Bintiyo Nara

17 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Siku ya tatu hii sijasikia neno. Nimempigia Gombosuren, simu haipatikani, nadhani amehamia malisho ya juu.

Nitasema ukweli. Uliponiandikia kwamba anaumwa, kuna pembe ya moyo wangu iliyoanza kupanga mahali pa kuweka kitanda chako. Sikuipenda hiyo pembe. Usiku huu nimegundua namwombea huyo mbwa apone, na ni mbwa ambaye akipona ndiye atakayekuzuia usije kwangu. Sasa ndiyo ujue nimechanganyikiwa kiasi gani. Nijibu hata neno moja.

Bintiyo Nara

19 Septemba

Nara wangu,

Usilie juu ya usukani. Yu hai.

Sikupanda kilimani kwa sababu sikutaka kumwacha. Siku ile niliposhuka na ujumbe wako nilimkuta amelala mlangoni, hata nzi hamfukuzi. Nikamtia kifuani ndani ya joho, nikafunga mkanda, nikapanda farasi mpaka kwa Choijil. Njiani aliniharishia mle mle. Sikumgombeza, nilimwambia harisha baba, mradi unapumua.

Choijil alimpima, akamchoma sindano ya maji chini ya ngozi, akanipa unga wa kuchanganya kwenye maji ya kunywa. Dawa akasema irudishwe jioni ileile. Nilipomtajia mafuta aliuliza ni kiasi gani, nikamwonyesha dole gumba, akalitazama, kisha akatazama la kwake. Nina mikono mikubwa, unajua.

Nimekaa naye. Kijiko cha maji, kijiko cha uji wa wali, tena maji. Kondoo walijichunga wenyewe, na sijutii. Jana alisimama. Leo asubuhi ametoka nje kwa miguu yake, akazunguka, akatoa kinyesi cha heshima, kigumu, cha mtu mzima. Nimekitazama kwa furaha kama cheti cha shule. Sikuwahi kufikiria ningepanda farasi mpaka kileleni kumwandikia mwanangu habari ya kinyesi, tena nikiimba.

Pembe ya moyo wako nimeisoma. Na mimi ninayo, usiku kukiwa kimya sana.

Mama yako

20 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma nikiwa kituoni, nikapiga kelele, abiria mmoja akashuka. Daktari anakusalimu na anasema wali uendelee siku chache, halafu chakula cha kawaida kirudi polepole. Polepole, mama. Dole gumba libaki mkononi.

Bintiyo Nara

22 Oktoba

Mwanangu,

U mzima? Huku theluji ya kwanza imeshika milimani. Vidonge viliisha zamani, kikohozi hakuna, tumbo ni la chuma. Togoo amekuwa mkubwa kama ndama. Amekula buti langu moja, na jana ameiba jibini niliyoanika juu ya paa la hema, sijui alifikaje.

Nakwambia tatizo kabla hujaliona mwenyewe. Habweki. Anatazama tu. Mbweha alipita mchana, Togoo akamtazama kama jirani aliyesahau jina lake. Nimemfundisha mimi mwenyewe, nimepiga magoti uani nikabweka mpaka koo likakauka. Gombosuren akatokea na farasi wake wakati huo. Akanisalimu kwa adabu sana, akageuza akaenda zake.

Kwa hiyo makubaliano ni makubaliano. Mbwa mzima ninaye, anayebweka sina. Sitakutafutia visingizio. Njoo siku ya kuhama, tuone.

Mama yako

24 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeomba likizo. Nitafika tarehe nane. Vaa kofia unapobweka.

Bintiyo Nara

12 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, njia ilikuwa na barafu lakini dereva mzuri. Mgongo vipi baada ya kuhama? Kambi ya baridi ina joto? Kondoo wametulia kwenye zizi jipya?

Kuna mambo sikukuambia nilipokuwa hapo kwa sababu tulikuwa tunacheka. Lile gari tulilobebea hema sikulikodi kwa ajili ya kambi ya baridi. Nililikodi kukuleta mjini. Nilimwacha dereva nyuma ya kilima usilione kabla hatujazungumza, nikaja kwa miguu. Kitanda chako kilishakaa chini ya dirisha, na blanketi juu yake.

Mama, tangu mbwa mzee afe tulikuwa tunaingia kwako kama dukani. Mimi, Gombosuren, mpita njia yeyote, tunasukuma mlango tu. Na mimi siku ile nilikuja hivyohivyo, kichwa chini, nikipanga maneno ya kukushawishi. Nikasikia ngurumo. Nikainua kichwa, nikamwona amesimama kati yangu na mlango wako, manyoya yamesimama, na akabweka. Sauti ile hukumfundisha wewe. Ilinigonga kifuani.

Nikafanya anachofanya kila mgeni akifika kwenye nyumba ya watu yenye mbwa. Nikasimama mbali, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Shikeni mbwa!" Mimi, niliyezaliwa ndani ya hema lile.

Ukatoka na mwiko mkononi, ukanitazama, ukamtazama, ukakaa kwenye theluji ukicheka, na hukumshika. Ukaona machozi yangu ukasema ni upepo. Haukuwa upepo. Nilikuwa na furaha mpaka ikauma, maana nilijua kuanzia siku hiyo ninaweza kulala usingizi huku, na nilijua pia kwenye kitanda kile hutalala wewe.

Usimfunge, mama. Nikija tena, nitaita.

Bintiyo Nara