Tumepanga Wenyewe

Mpendwa mdogo wangu, Mwenyekiti wa makaro,

Pokea salamu zangu, wewe na wanao, pamoja na wote wanaoshinda mikono ikiwa majini, wakifulia watu nguo kwenye yale mabeseni ya saruji. Natumaini kifua chako kimepoa, na kwamba shemeji bado anakohoa kwa makusudi kila akitaka chai. Kuhusu mimi, usidanganywe na mpwa wangu anayekwambia kwenye simu kwamba naendelea vizuri. Ninaendelea, lakini si vizuri. Daktari ameacha kunibadilishia dawa. Siku hizi ananiuliza tu kama napata usingizi. Kalamu naishika kwa mikono miwili, kwa hiyo ukiona herufi zinapepesuka, ujue si ulevi.

Huyo mpwa wangu ndiye aliyenipa habari kwamba shauri la kiwanja linarudi mbele ya kamati ya jiji mwezi ujao, na kwamba wewe utasimama kuwasemea wafuaji, kile kitabu nilichoandika juu ya makaro kikiwa mkononi mwako. Alinisimulia huku akicheka, akidhani nami nitacheka. Nilimwomba afunge dirisha, nikageukia ukutani.

Mdogo wangu, wewe ulikuwa msichana mpya pale makaroni nilipokuja kutoka chuoni na anthropolojia yangu. Mlinibandika jina la Mama Kwanini, mkasema hata nikimwagikiwa na maji ya moto nitayauliza kwanza kwa nini. Bibi yako alinipa shuka la hospitali nilifue, na baada ya muda akawaita wenzake waje watazame, maana, alisema, shuka ndilo lililokuwa linamfua mwalimu. Nilirudi nyumbani nimelowa hadi kwenye nywele, na sikumbuki siku niliyokuwa na furaha zaidi.

Wakati huo jiji lilitaka kufukia makaro na kupitisha barabara. Mimi sikutaka kuandika habari zenu kisha nikaenda zangu, kama walivyofanya walionitangulia. Tukapatana, unakumbuka. Kila nitakachoandika nitawasomea kwa sauti, mkiwa kazini, na hakitatoka hapo mpaka mmekipitisha. Kofi moja juu ya maji ni ndiyo, makofi mawili ni hapana. Chuoni walinicheka sana, wakasema utafiti wangu unaamuliwa na watu waliopiga maji. Nami niliona fahari. Mlinirudisha mara nyingi, na kila mara mlikuwa na haki. Mliniambia niondoe neno maskini, kwa sababu hakuna aliyewauliza kama ni maskini, mliulizwa mnafanya kazi gani.

Kisha tukafika kwenye swali la kiwanja. Niliwauliza mko pale kwa haki gani, nanyi mkanijibu: sisi hapa tumepanga. Nikaandika hivyo hivyo, nikawasomea hivyo hivyo, na maji yakalia kofi moja, karo zima. Ninyi vijana mlisikia kwamba mlipapanga pale kwa mikono yenu, mkachimba mifereji na kunyoosha safu za makaro, na hilo lilikuwa kweli. Bibi yako na rika lake walisikia kitu kingine. Walikuwa wamepanga kama mtu anavyopanga chumba.

Mwenye kiwanja alikuwa mfyatua matofali. Bibi yako alinieleza waziwazi, tukiwa tunakamua mablanketi, yeye ncha moja na mimi nyingine. Mfyatua matofali aliwaruhusu wakae, nao kodi yao ikawa kumfulia yeye na watu wa nyumbani kwake, mpaka alipofariki na familia ikahama. Ninyi hamkuambiwa, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna haja ya kuambiwa.

Nilipoipeleka jijini ripoti yangu, ile iliyokuja kuwa kitabu, mwenyekiti wa kamati aliniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelisoma kila neno, akaweka kidole kwenye lile moja, akaniuliza wamepanga vipi, wamepangishwa na mtu au wamejipangia? Alisema kama ni wapangaji tu, wataondolewa. Kama walipaanzisha wao, barabara itapinda. Nilipaswa kumwambia asubiri nirudi makaroni niwasomee swali lake. Ndivyo tulivyopatana. Badala yake niliomba kalamu, nikaongeza neno moja baada ya tumepanga. Nikaandika: wenyewe.

Barabara ilipinda. Mliimba, mkanibeba juujuu, na neno langu mkalichora pamoja na lenu, tumepanga wenyewe, kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa langoni. Huko vyuoni likawa somo: tazameni jinsi sauti ya watu inavyobadili jiji. Nimelifundisha mimi mwenyewe, miaka na miaka, kwa uso mkavu. Lakini ile haikuwa sauti yenu. Bibi yako alisimama mbele ya ukuta ule, akamwomba mjukuu wa jirani amsomee, kisha akaniuliza polepole, hilo la mwisho tulilipigia maji lini? Nilijiunga nanyi kuimba. Hakuniuliza tena mpaka tunamzika, na hakunipa tena ncha ya blanketi.

Utamkumbuka pia yule mwanamke aliyekuja na mwanawe kuulizia kiwanja cha baba yake. Mlimwonyesha ukuta, mkamzomea mpaka barabarani, na wewe ulinisimulia kwa kicheko jinsi alivyopoteza kiatu. Alikuwa binti wa mfyatua matofali. Mwanawe ndiye aliyefungua shauri hili. Ana wazee wanaokumbuka nani alimfulia nani. Ukiapa kwa kitabu changu watakuita mwongo mbele ya watu, na hutajua kwa nini.

Utaniuliza mbona siiandikii kamati. Nimefikiri hivyo, na barua niliianza. Nikaona ninaomba kalamu tena, ninawaamulia tena nikiwa nimekaa pembeni. Huenda ukweli ukawapotezea makaro. Sina la kukuahidi, na sitakuwepo kuona.

Ninachoomba ni kimoja. Barua hii uisome makaroni kwa sauti, mchana, wote wakiwepo, pamoja na wanaomchukia yule mwanamke bila kumjua. Usiruke aya. Ukifika kwenye lile neno, simama, uwaulize kama libaki. Nilichelewa kuwasomea, lakini bado halijapitishwa.

Nisalimie watoto, na shemeji mwambie chai ipo. Kaburi la bibi yako ulinyunyizie maji kwa mkono wako, usimwambie yametoka kwangu.

Mimi, niliyekuwa dada yako,
Mama Kwanini