Mkwe Anafundisha Presha

Jumanne, 4 Machi

Hujambo daftari langu? Mzima? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inafuka moshi.

Leo kwenye Darasa la Wazee ilikuwa zamu ya mkwe – baba wa mume wa binti yangu. Pale hatuna mwalimu, mtihani wala cheti. Kila wiki mmoja anafundisha anachokijua, wengine tumekaa kwenye viti vya plastiki. Mimi, fundi cherehani, nilifundisha kukata kola. Fundi bomba akafundisha koki. Sawa. Mkwe, dereva mstaafu wa lori, kachagua presha!

Kasema mashine ya kupimia ikishasoma vizuri, dawa za nini tena? Yeye kaacha, anatafuna kitunguu saumu, na mtazameni – chuma! Kajipiga kifua. Watu makofi. Dada yangu makofi kuliko wote, na ndiye mwenye presha.

Mkono wangu ulipanda mpaka usawa wa sikio. Ukashuka, nikajifanya natengeneza kilemba. Tulikubaliana, baada ya ule ugomvi wa kurushiana viti, kwamba mwenye zamu hapingwi. Tena mkwe! Nimuumbue mbele za watu, binti yangu atakaa vipi kwenye nyumba ile?

Alhamisi, 6 Machi

Dada kaacha dawa. Nimemsihi. Kanijibu, si wewe uliyenivuta darasani nikajifunze? Haya, nimejifunza! Kacheka mpaka machozi. Nyumba yetu nzima inanuka saumu. Nimemwekea vidonge kando ya chai, kavirudisha kwenye droo.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia binti, aseme na baba mkwe wake taratibu. Mama, usinitie matatani, kasema.

Baada ya ibada nimemkuta mkwe mlangoni. Nikaanza: mkwe, lile somo... Kanidakia, lilikuingia, eh? Wamenipa zamu tena, Jumanne narudi na somo la sukari!

Nikasema ahsante. Ahsante! Ulimi huu, Mungu wangu!

Jumanne, 11 Machi

Niko kwenye benchi la zahanati. Dada kaanguka darasani, katikati ya sukari. Anaongea, namshukuru Mungu, lakini mdomo umekwenda upande. Muuguzi kaniuliza dawa gani anatumia. Nikasema, alikuwa anatumia. Mkwe, tuliyekuja naye, kasikia. Kainamisha kichwa, nikadhani limemwingia.

Wapi! Sasa kamgeukia mzee wa pembeni mwenye karatasi ya dawa mkononi. Yale yale – mashine, saumu, chuma. Watu wa foleni wanasogea wasikie. Na hapa si darasani, hakuna cha zamu. Mimi nimeinama tu naandika, kama mtu mwenye vipimo vya wateja.

Mke wa yule mzee kaninong'oneza: mama, naona mnajuana, ni kweli anayosema?

Nimemwambia, ngoja nimalize mstari.

Mstari umeisha. Bado ananitazama. Mkwe naye kageuka, anatabasamu, anangoja nimuunge mkono.

Mola wangu, nimwambie nini? Nakuomba unijibu upesi.